Kompyuta Namba Kumi na Saba

Siku shule ilipofungwa, mabasi manne yalitoka getini yamejaa makelele, na la mwisho lilipokata kona, Mama Waya alibaki kwenye ngazi za maabara ya kompyuta akiwa bado amenyanyua mkono wa kuaga. Alipogundua kwamba hakuna tena wa kumpungia, aliushusha, akaupangusa kwenye sketi kana kwamba ulikuwa na vumbi, akaingia ndani.

Hilo jina la Mama Waya alipewa na wanafunzi. Waya si mwanawe, mwana hana. Walimwita hivyo kwa sababu kila walipoingia maabara walimkuta chini ya meza, nyaya zimemzunguka shingoni, anatafuta ni ipi iliyochomoka. Mwanzoni walilitumia kwa kujificha, kisha walimu wakaliokota, kisha Mkuu wa shule mwenyewe akateleza ulimi siku moja mbele ya wazazi, na tangu hapo likawa jina lake. Alikuwa na miaka arobaini na sita, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na minane kati ya miaka hiyo aliimalizia katika chumba kile kimoja chenye madirisha sita na meza ndefu tano.

Juu ya meza hizo zilikuwepo kompyuta za mkononi arobaini, kila moja na namba yake kwa wino mweupe mgongoni. Zilikuwa nzima, lakini zilikuwa zimezeeka vibaya. Ukiiwasha moja, unaweza kwenda bombani, ukanywa maji, ukagombana na mtu, mkapatana, ukarudi ukaikuta bado inazungusha kile kiduara chake. Mwalimu wa somo alikuwa akipoteza robo ya kipindi kwa kusubiri. "Mama Waya, imeganda!" Huo ndio uliokuwa wimbo wa chumba. Mara kumi, mara ishirini kwa kipindi.

Sasa Mkuu alikuwa amepata vifaa. Masanduku mawili yalikuwa sakafuni: moja la diski mpya, zile za SSD zisizo na kitu kinachozunguka ndani, na moja la RAM, vile vibao vya kumbukumbu. Arobaini na arobaini.

"Wiki tatu zitakutosha?" Mkuu alikuwa amemuuliza.

"Zitatosha, mama."

"Lakini likizo yako itakuwa imeliwa. Familia haitakulaumu?"

"Wataelewa," alisema Mama Waya, na akafurahi kupita kiasi kwa mtu aliyenyang'anywa likizo.

Furaha hiyo ilikuwa na sababu yake.

Miaka ya nyuma, kila likizo na kila mwisho wa wiki palipowezekana, alikuwa akienda kwa mama yao. Mama alikuwa mgonjwa wa miguu, kisha wa kifua, kisha wa kila kitu, na kati ya watoto wawili, yeye na kaka yake, ni yeye asiye na mume wala watoto wa kumshika sketi. Hakunung'unika. Alimwogesha mama, alimkata kucha, alimsomea magazeti ya mwezi uliopita. Mama alipofariki, nyumba iliuzwa. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Walikaa mezani, wakakubaliana, wakatia sahihi. Ila baada ya sahihi ile Mama Waya hakuwa tena na mahali pa kusema "naenda nyumbani." Alibaki na chumba cha wafanyakazi nyuma ya bweni, chenye kitanda, jiko dogo na dirisha linalotazama matangi ya maji.

Likizo ya kwanza baada ya msiba alikwenda kwa kaka yake. Walimpokea vizuri mno. Wifi yake alimpa chumba cha binti yao, shuka mpya, taulo mpya. Binti, wakati ule ana miaka tisa, akahamishiwa sebuleni na godoro lake. Siku ya nne, mchana, Mama Waya alikuwa anatoka uani na beseni la nguo, akamsikia mtoto jikoni akimwuliza mama yake, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza mvua itakatika lini: "Mama, hivi shangazi anaondoka lini?"

"Shh!" wifi alisema.

Ile "shh" ndiyo iliyomchoma. Swali la mtoto lilikuwa la mtoto, anataka kitanda chake. Lakini "shh" ni ya mtu mzima.

Aliondoka kesho yake kwa kisingizio cha kazi. Na tangu hapo, likizo saba mfululizo, kaka alipopiga simu kuuliza kama anakuja, jibu lilikuwa lile lile: "Nina kazi, kaka. Huku kazi haziishi." Hakukuwa na kazi. Alikuwa akifua mapazia. Alikuwa akipanga upya makopo yake matatu ya sukari, chumvi na majani ya chai. Alikuwa akienda sokoni kwa miguu ili saa zipite, na kurudi kwa miguu ili zingine zipite.

Sasa basi, kwa mara ya kwanza, alikuwa na kazi ya kweli. Alizipanga kompyuta zote arobaini zikiwa zimefunguka kama vinywa, akazipiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la familia: "Hizi hapa. Zote mimi peke yangu." Kaka alijibu kwa kidole gumba. Wifi aliandika: "Duh! Pole na kazi wifi yangu. Mungu akutie nguvu." Mama Waya aliisoma mara tatu, akajifunga kibwebwe, akaanza.

Siku ya kwanza alifanya tatu tu. Aliigeuza kompyuta kifudifudi juu ya kitambaa, akagusa nondo ya dirisha ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu, akafungua skrubu kumi na moja na kuzipanga kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Akapitisha kipande cha plastiki pembezoni mpaka kifuniko kikaachia, tak, tak, tak. Betri kwanza. Kisha diski ya zamani, nzito, iliyokuwa ikiguna kila inapozunguka. Akaitoa kwenye fremu yake, akaweka ile mpya, nyepesi mpaka ungedhani ndani ni tupu. Kisha RAM: unaiingiza kwa kuilaza upande, halafu unaibonyeza chini mpaka vibanio viwili vya pembeni viseme "ka." Usipoisikia hiyo "ka," hujafanya kitu.

Kabla ya kuziweka kando diski za zamani alinakili kila faili la wanafunzi. Mkuu alikuwa amesema si lazima, waliambiwa wajihifadhie wenyewe. Lakini Mama Waya aliwajua watoto. Alinakili bila kufungua. Mafaili ya watu aliyahesabu kama vyumba vyao: unaweza kuwafagilia mlangoni, lakini huingii.

Ndani ya kompyuta alikuta mambo. Makombo ya biskuti, vibanio vya nywele, ukucha wa bandia, mende mmoja mkavu kama jani, aliyekuwa ameweka makazi karibu na feni kwa sababu ya joto. "Na wewe ulikuwa mwanafunzi wa mwaka wa ngapi?" alimwuliza, akasikia sauti yake mwenyewe ikigonga ukuta, akarudi kwenye skrubu zake.

Siku ya tano alipata mgeni. Mzee wa Geti, mlinzi wa mchana, dereva mstaafu mwenye tumbo la heshima na viatu vya kung'aa, alikuja na kiti chake mwenyewe akakiweka mlangoni, pale ambapo angeweza kuliona geti na kumwona fundi.

"Mama, samahani. Nimechoka kutazama barabara. Naweza kukutazama wewe?"

"Tazama tu mzee, hakuna kiingilio."

Alitazama kwa muda. Kisha akaokota RAM moja iliyotolewa, akaigeuza kwenye mwanga. "Sasa hiki kidude ndicho kinachoipa mbio?"

"Hiyo ni meza yake," alisema Mama Waya. "Kompyuta ikifanya kazi inataka meza ya kutandaza vitu. Hii ya zamani ilikuwa kistuli. Ukiweka kitabu, kalamu inaanguka. Ukiokota kalamu, kitabu kinaanguka. Sasa nimeipa meza ya mtu mzima."

"Na hilo sanduku la pembeni?"

"Diski ni ghala. Ile ya zamani ilikuwa na mtunza ghala mmoja, mzee kama wewe, samahani, anatembea mwenyewe mpaka kwenye rafu kila ukimwita. Hii mpya haina mtu wa kutembea. Ukisema tu, kitu kiko mkononi."

Mzee alicheka mpaka tumbo likapanda na kushuka. "Basi mimi ndiye nimefukuzwa kazi humo ndani!" Halafu akaangalia meza zile ndefu. "Na wewe mama, watu wako wako wapi?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo tu, mzee. Wazima."

Saa kumi na mbili mwenzake wa zamu ya usiku alifika. Mzee wa Geti akabeba kiti chake, akavua kofia ya kazi, akavaa ya nyumbani. Mama Waya alimwona kupitia dirishani akivuka barabara haraka haraka, mwendo wa mtu anayejua chakula chake kimefunikwa sahani.

Mikono ilivyozoea, kazi ilikimbia. Tatu zikawa nne, nne zikawa tano, kisha sita, sita, saba, nane. Na hapo ndipo alipoanza kupata wasiwasi. Kazi ya wiki tatu ilikuwa inaisha kwa wiki moja. Siku ya saba jioni alifunga skrubu za mwisho za namba arobaini, akahesabu safu zote, na zilikuwa thelathini na tisa zinazowaka kabla hujamaliza kukohoa. Moja tu ilikuwa imebaki wazi, namba kumi na saba. Alipoiwasha ililia mara tatu, tii, tii, tii, na kioo kikabaki cheusi.

Fundi yeyote angejua. Kompyuta ikilia hivyo haijaiona RAM. Ama ni mbovu, ama meno yake ya dhahabu yana uchafu, na uchafu huo unatolewa kwa kifutio cha penseli, kile cha watoto wa darasa la kwanza. Kazi ya dakika mbili. Kifutio kilikuwa ndani ya droo.

Mama Waya aliitazama namba kumi na saba. Akaifunika kwa kitambaa safi, akafunga maabara, akaenda chumbani kwake kupika.

Siku ya nane alikuja saa mbili kamili kama kawaida, akaifunua, akakaa mbele yake. Kaka alikuwa ameandika kwenye kundi: "Fundi, kazi inaendaje?" Alijibu, "Bado kuna moja inanisumbua." Na haikuwa uongo! Hilo ndilo lililompa faraja. Maadamu moja imelala wazi mezani, ana kazi, na mwenye kazi haulizwi kwa nini hayuko nyumbani kwa watu. Alifuta vioo vya zile thelathini na tisa. Aliandika upya namba zilizofifia. Alifunga nyaya za chumba kizima kwa vibanio, zikanyooka kama nywele zilizosukwa. Siku ya tisa vivyo hivyo. Alifagia mahali palipofagiwa.

Mzee wa Geti alipita akachungulia. "Hiyo ya kumi na saba imekufa, mama?"

"Haijafa. Inapumzika."

Mzee alimwangalia, akaiangalia kompyuta, akaangalia nyaya zilizonyooka. Kuna watu wanaojua kuacha jambo. Alisema tu, "Haya, nayo ipumzike," akarudi getini.

Siku ya kumi Mkuu alipiga simu. Alikuwa safarini, nyuma yake watoto wanapiga kelele na mtu anaosha vyombo.

"Mama Waya, umefikia ngapi?"

"Thelathini na tisa, mama."

"Thelathini na tisa! Siku kumi! Wewe ni mtu au mashine? Basi hiyo moja iache hivyo hivyo. Funga maabara, nenda kwenu ukapumzike. Wiki mbili na zaidi zimebaki. Hiyo ni amri, sawa?"

"Sawa, mama."

"Wasalimie sana nyumbani."

Simu ikakatika. Mama Waya alibaki ameishika sikioni. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeingia kwa madirisha yote sita na kukaa kwenye viti vyote vitupu. Alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia. Mwanamke yule amemtendea wema. Kila mtu siku zote amemtendea wema, na wema wao wote ulikuwa unamsukuma kuelekea mlango ule ule.

Kuiacha nusu hakuweza. Hilo lilikuwa nje ya tabia yake. Alifungua droo, akatoa kifutio. Alisugua meno ya RAM taratibu, upande huu na upande ule, akapuliza, akairudisha. Ka. Akabonyeza kitufe. Haikulia. Kioo kikawaka, na kabla hajavuta kiti, kompyuta ilikuwa tayari inamsubiri yeye. Alikaa akalia kidogo, kilio kifupi, cha mtu asiye na desturi ya kulia na asiyejua aishie wapi. Halafu akafuta miwani kwa upindo wa sketi, akashika simu.

Aliandika: "Nimemaliza kazi." Akafuta. Akaandika tena: "Kaka, nimemaliza kazi yote. Likizo bado ipo." Akaituma kabla mkono haujabadili nia.

Kaka alijibu baada ya dakika tano. "Safi sana!"

Basi. Safi sana. Mama Waya aliweka simu kifudifudi. Alifunga madirisha moja moja. Alihesabu masanduku matupu, ambayo hayakuhitaji kuhesabiwa. Alikuwa ameshaanza kujiambia kwamba mapazia ya chumbani yameshika vumbi tena, simu ilipolia. Alikuwa wifi.

"Wifi, kaka yako kaniambia sasa hivi umemaliza. Mbona hajakwambia uje? Huyu mwanaume, kichwa chake kiko wapi? Njoo!"

"Sitaki kuwasumbua, wifi. Kwanza nafasi..."

"Nafasi ya kitanda hakuna, sikudanganyi. Mama yangu mzazi yupo chumba cha binti. Utalala sebuleni kwenye godoro. Kama godoro unaliona si hadhi yako, useme."

"Nani atahamishwa?"

"Ahamishwe nani? Godoro lipo juu ya kabati, halina mwenyewe."

"Nakuja kesho," alisema Mama Waya.

Alifika saa saba mchana, begi moja, na ndani ya begi, kati ya nguo, alikuwa ameviringisha bisibisi zake kwenye taulo. Walimkumbatia. Binti alikuwa amerefuka, sasa miaka kumi na mbili, anasalimia "shikamoo shangazi" huku akitazama simu. Mama mkwe wa kaka alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, mwanamke mnene, kiziwi kidogo, anayecheka jambo dakika moja baada ya wengine. Mama Waya hata hajamaliza maji aliyopewa akauliza, "Ile laptop yako wifi, bado inaganda? Nilete vifaa?"

"Wifi, umekuja kututembelea au umekuja kazini?"

Wote walicheka, na mama mkwe akacheka baada yao. Mama Waya naye akacheka, lakini mikono yake haikujua iende wapi. Jikoni aliambiwa atoke, yeye ni mgeni. Alipotaka kufagia, ufagio ulichukuliwa mkononi mwake. Alikaa sebuleni. Watu walipita: kaka anaenda kazini, wifi kwenye shule yake ya chekechea, binti kwa rafiki zake, mama mkwe kulala. Kila mmoja alikuwa na njia yake ndani ya nyumba ile, kama mchwa, na yeye alikuwa amekaa katikati ya njia zote. Godoro lake lilikunjwa asubuhi na kusimamishwa nyuma ya mlango, na mlango haukufunguka vizuri tena, kila aliyeingia aliusukuma kwa bega na kusema "ah!" halafu akamwona, akasema "habari za asubuhi, shangazi."

Siku ya tatu, wifi alitoka chumbani amebeba laptop yake kwa mikono miwili kama sinia. "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hili hapa."

Mama Waya aliinuka kana kwamba ameitwa jina. Alikwenda mjini mwenyewe akanunua RAM, akarudi, akaigeuza laptop juu ya taulo, akafungua. Diski ilikuwa nzuri, ilihitaji meza tu. Ka. Akapuliza vumbi la feni, akafunga. Dakika kumi na tano, na alikuwa amejitahidi zisiwe kumi. Wifi aliijaribu akiwa amesimama, akafungua ripoti zake, akafungua picha, akafungua kila kitu kwa pamoja. "Ee! Ee bwana wee! Wifi, wewe!" Akamshika mabega, akamtikisa kwa furaha, akaichukua laptop akaingia nayo chumbani, na mlango ukafungwa, kwa sababu ripoti zilikuwa za kesho. Mama Waya aliviringisha bisibisi zake moja moja. Mama mkwe, kutoka kiti cha pembeni, aliuliza kwa sauti kubwa, "Imepona?"

"Imepona, mama."

"Eh?"

"Imepona!"

"Ah. Nilidhani umeivunja."

Alikaa siku nne. Ya tano kaka alimsindikiza stendi. Ni mtu mkubwa, mpole, fundi seremala, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata akioga. Walisimama kando ya basi lake kusubiri lijae. Pengine ni kwa kuwa walikuwa wamesimama bega kwa bega, hawatazamani, ndiyo maana Mama Waya aliweza kusema.

"Kaka, zile likizo nyingine. Sikuwa na kazi."

Kaka alitazama tairi la basi. "Najua."

"Unajua?"

"Mwaka juzi nilipiga shuleni. Simu yako ilikuwa haipatikani, nikapiga namba ya ofisini. Akapokea mlinzi, nadhani. Nikamwuliza, dada yangu yuko maabara? Akasema, maabara imefungwa, yeye yuko nyuma anaanika mapazia."

Mama Waya alihisi uso unawaka mpaka masikioni. "Mwaka juzi! Na hukusema kitu?"

"Niseme nini? Mtu mzima anachagua mapazia badala yangu. Nilijua hututaki. Nilidhani tulikukosea kwenye mambo ya nyumba ya mama."

"Hapana! Mimi nilidhani ninyi ndio..." Alishindwa kumalizia. Hakutaka kumsema mtoto, wala ile "shh." Vilikuwa vidogo mno kusemwa stendi, katikati ya wauza karanga, na vilikuwa vimekula likizo saba.

"Mimi nauliza kila likizo," kaka alisema polepole. "Sijui kumlazimisha mtu. Mama ndiye alikuwa anajua kulazimisha."

"Alijua kweli."

Wote wawili walicheka kidogo, wakimkumbuka mama na fimbo yake ya kutembelea, aliyokuwa akiitumia kuwavuta wageni warudi mezani. Kisha kondakta akapiga ubavu wa basi, na kaka akamwingizia begi dirishani.

"Likizo ijayo utakuja?"

"Tutaona, kaka."

Angesema "nitakuja." Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mtu aliyezoea kufunga mlango kwa miaka mitatu haufungui kwa siku tano, na kaka, kwa jinsi alivyo, aliitikia kwa kichwa tu na kurudi nyuma ili basi lipite. Ndani ya basi Mama Waya alijikasirikia njia nzima.

Shuleni zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na alizikaa zote peke yake, ila safari hii alipiga simu kila jioni. Simu hizo hazikuwa na maana kubwa. Kaka alieleza kabati analotengeneza, wifi alieleza kikohozi cha mama yake. Wakati mwingine walikosa la kusema, wakasikilizana tu wakipumua na redio ya upande wa pili, kisha mmoja akasema "haya" na simu ikakatwa. Baada ya hapo chumba kilikuwa kimya kuliko kabla ya simu.

Mabasi yalirudi. Kipindi cha kwanza cha kompyuta wanafunzi waliingia kwa vurugu, wakavuta viti, wakabonyeza vitufe, na baadhi yao wakageuka kuzungumza na jirani kama walivyozoea, wakijiandaa kusubiri. Walipogeuza shingo, vioo arobaini vilikuwa vimewaka. "Aah!" lilisikika kutoka mstari wa nyuma. Mmoja alizima akawasha tena kwa kutoamini. Mwalimu, kijana mrefu mwenye sauti nzito, alimwinamia Mama Waya kidogo kwa heshima, akaanza somo papo hapo.

Mama Waya alisimama ukutani na bisibisi mfukoni. Alisubiri. Dakika kumi zilipita, kumi na tano, hakuna aliyemwita. Hakuna mkono ulionyooshwa, hakuna waya uliochomoka. Nyaya zote alizifunga mwenyewe. Vidole themanini vya mstari wa mbele vilikuwa vinapiga vitufe kama mvua nyepesi. Kwa miaka minane alikuwa hajawahi kusimama wima katika chumba kile kwa muda mrefu hivyo, na hakujua mtu asiyeitwa husimama vipi.

Mwisho akavuta kiti, akakaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Mwalimu alikuwa anaeleza jinsi ya kupanga majina kwenye jedwali, anatoa mifano ya kuchekesha kuhusu mtu mwenye mbuzi kumi na wawili asiyejua yupi alizaliwa lini. Darasa lilikuwa linacheka. Mama Waya alishangaa. Miaka yote hiyo alikuwa chini ya meza, alikuwa akisikia sauti tu, na hakujua kwamba kijana huyu ana utani. Aliweka mikono mapajani, akasikiliza habari za mbuzi wale mpaka kengele ilipogongwa.